Friza Moja, Luku ya Watu Wanne

Nyumba ilikuwa Goba, Dar es Salaam: vyumba vinne, wapangaji wanne, luku moja. Kila mwanzo wa mwezi kila chumba kilitoa mchango sawa, mmoja wao, kijana wa bodaboda, akanunua umeme kwa simu yake na kuingiza tokeni. Taa, feni, televisheni, pasi mara mojamoja. Ulitosha, kwa kuwa mita ilikuwa kwenye tarifu ya D1, ya watumiaji wadogo. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Ukivuka hapo, kila uniti ni 350.

Kisha mama wa chumba cha tatu akanunua friza ili auze barafu za ukwaju. Wenzake wakampongeza, na walistahili kumpongeza. Ila mchango ukabaki uleule. Uniti 75 zikawa zinaisha katikati ya mwezi, wakaongeza nyingine kwa bei ya 350. Hatimaye mita ikahamishiwa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1: inafika kama 356.

Shilingi 5,000 iliyokuwa ikileta uniti 41 sasa ikaleta 14. Macho yote yakamgeukia kijana, maana pesa alishika yeye. Akawaonyesha ujumbe wa simu. Wakaishia kwenye tarakimu za tokeni. Maneno yakazidi hadi akahama.

Mwezi uliofuata mwalimu wa chumba cha kwanza akanunua mwenyewe. Uniti zikawa chache vilevile. Ndipo aliposoma ujumbe mzima: bei ya umeme, VAT, REA, EWURA, na 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo kisheria ni deni la mwenye nyumba, na mpangaji ana haki ya kuidai kwenye kodi ya pango.

Friza halikuwa na kosa. Kinachoniuma ni kwamba mtu mwaminifu aliitwa mwizi kwa jambo lililokuwa limeandikwa kwenye simu yake, na kwamba fundi cherehani wa chumba kilichobaki, mwenye balbu moja, alikuwa akilipa sawa na mwenye friza. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba ingemaliza yote mawili. Na nyumba ikirudi chini ya uniti 75 kwa mwezi, inafaa kwenda ofisi ya TANESCO kuomba kurejeshwa D1.

Wewe unayechangia luku na wenzako, siku kifaa kikubwa kinapoingia nyumbani, kaeni jioni hiyohiyo mpange mchango upya. Na kila ujumbe wa umeme utumwe kwenye simu za wote, wausome hadi mstari wa mwisho.