Kupenda na Kuonya

Tufikiri pamoja juu ya jambo linalosumbua nyumba zetu nyingi. Hapa Lubumbashi, Katuba au Kenya, baba akizoea lutuku, mshahara huishia kwa muuzaji, na watoto hulala njaa. Hapo ndugu na jirani hugawanyika. Hawa husema: «Ni mwenzetu, tumwache, Mungu atamsaidia.» Wale husema: «Ametuaibisha, asikanyage tena hapa.» Wa kwanza wajiita wapole, wa pili wajiita wakweli. Sisi twaona ya kuwa wote wameikimbia kazi ileile: kwenda kwake, kuketi naye, na kumwambia: «Baba, watoto wako hawakula jana.»

Mtakatifu Monika, mama Mwafrika wa Thagaste, alifanya kazi hiyo. Mwanawe Augustino alipofuata uzushi wa Mani, mama alikataa kula naye. Kisha aliota ndoto ya kumtuliza, akamrudisha mezani. Je, aliukubali uzushi? Hata kidogo. Augustino alipotaka kuigeuza maana ya ndoto, kana kwamba ni mama atakayemfuata mwana, Monika alimkatalia palepale. Chakula alimpa, uwongo hakumwachia. Alisubiri kwa machozi miaka mingi, hata mwana akabatizwa Milano mwaka 387.

Nasi wa Katanga tuna mfano wa karibu. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alikiri mwenyewe kwamba mwanzoni alikuja kama bwana mwenye kufundisha tu. Baadaye alijifunza kuuliza na kusikiliza. Hivyo, upande wa Kolwezi, katika miaka ya 1950, ilizaliwa Jamaa, ambamo padri na watu wa ndoa walikutana kwa mapendo makubwa. Lakini vikundi vingine vilipotoka katika mafundisho, na katika miaka ya 1970 maaskofu hawakuwa na budi kuonya. Basi, pasipo kusikiliza, onyo halipati mlango wa kuingilia. Na mapendo, hata yakiwa ya moto, yaweza kupotea njia yasipoonywa.

Tufanyeje basi? Bwana wetu alituagiza kumwendea ndugu faraghani kwanza. Kwa hiyo tusipeleke neno lake katika shirika kabla ya kulipeleka kwake mwenyewe. Tusiende na hasira, wala wakati amelewa. Tuwe tayari naye atuonyeshe makosa yetu, maana tunayo. Akikataa, tusiseme kwamba ubaya umekuwa wema: mama asaidiwe, watoto walishwe, na kosa liitwe kosa. Lakini siku atakapobisha hodi, akute kiti chake.

Kuna mtu ambaye tumemnyamazia mwaka mzima, tukisema twampenda. Kuna mwingine tuliyemfungia mlango, tukisema twapenda ukweli. Juma hili twende kwa mmoja wao.