Gitaa la baba na mwana

Mwaka 1963 Brian May, baadaye mpiga gitaa mashuhuri, alikuwa kijana wa shule nchini Uingereza, na gitaa la umeme la dukani lilikuwa ghali mno kwake. Yeye na baba yake Harold, mtaalamu wa elektroniki, wakaamua kuunda lao nyumbani. Shingo waliichonga kutoka mahogani ya meko ya zamani. Mbao ilikuwa imetobolewa na bungua, wakaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Hizo njiti ndizo ninazozienzi kuliko yote: kazi ya subira ambayo hakuna msikilizaji atakayeiona. Springi za gitaa zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, alama za shingoni ni vifungo vya mama yake Brian. Mwaka 2002 Brian alilipiga gitaa hilohilo juu ya paa la kasri la Buckingham.