Mtumishi Aliyechoka Hampokei Mtu

Wapendwa, fungueni Injili ya Marko, sura ya sita. Mitume wamerudi kutoka kazini, wana mengi ya kusimulia, na watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwapandisha chomboni waende faragha, wakapumzike. Ndiyo, umati uliwawahi ng'ambo. Lakini aliyeanza kuufundisha ni Yeye mwenyewe. Kiongozi ndiye aliyeshika zamu!

Leo nasema nanyi mnaopokea watu wanaotoka gerezani. Tarehe 9 Desemba 2019, jijini Mwanza, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, na watu wakashangilia. Shangwe zikiisha, kazi yenu huanza. Mtu amesimama nje ya geti la gereza la Ukonga na kifurushi cha nguo, hajui aelekee wapi. Ni ninyi mnaomtafutia pa kulala usiku uleule, mnaomsindikiza serikali ya mtaa kuomba barua, mnaompigia simu kaka yake asiyetaka kupokea. Ni ninyi mnaomweleza kwamba shamba limeuzwa na mke ameolewa kwingine. Na baadhi yenu mliwahi kuvaa sare ya mfungwa. Kila simulizi mnayoisikia inafukua ya kwenu.

Nanyi mnajisifu kwamba hampumziki! Mnasema, "Tukilala, nani atawapokea?" Nawauliza: mkiwa hoi, mnawapokea na nini? Mtu aliyeishi miaka chini ya askari amejifunza kusoma uso kabla ya kusikia neno. Ukiguna tu, ukatupia jicho saa, ameshajua amekuwa mzigo. Ataaga kwa adabu, na hatarudi. Kwa hiyo mapumziko yenu ni haki yake yeye.

Mkumbukeni Eliya. Aliwashinda manabii wa Baali juu ya Karmeli, kisha akalala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Maagizo yalikuja baadaye, huko Horebu.

Basi, wajumbe wa bodi, sikieni. Tengeni siku za mafungo kila mwaka, muziingize kwenye bajeti pamoja na kodi ya pango na nauli. Wapelekeni watu wenu Lushoto au Bagamoyo, mbali na ofisi, na mpango mkakati ubaki kabatini. Mwiteni mshauri nasaha. Simu ya zamu ishikeni ninyi wenyewe, hata ikiita saa nane za usiku. Na kwa wale waliopitia gerezani, muwe waangalifu: msiwagawie vitanda kwa orodha, msiwaamshe kwa kengele, msiwahesabu mlangoni. Waulizeni kama taa iwake au izimwe, na ufunguo wa chumba wakae nao.

Mfadhili akihoji gharama, msiinamishe vichwa. Hata Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu uliokithiri utokanao na msongo wa kazini. Mwambieni pia kwamba mtumishi akivunjika moyo akaondoka, anaondoka na imani aliyopewa na watu wasiomwamini mtu mwingine yeyote. Imani hiyo haikabidhiwi kwa atakayeajiriwa mwezi ujao pamoja na funguo za ofisi.

Nawe mtumishi, usingoje uanguke. Sema, "Nimechoka." Eliya alisema, na Mungu hakumwondolea unabii.

Kutaneni wiki hii. Andikeni tarehe, tajeni nani atashika zamu, tieni sahihi. Na mkianza kuandika majina ya watakaokwenda, la kwanza liwe la yule ambaye hajawahi kuomba likizo.