Presha, Kadari na Sababu

Imani ya kadari na elimu ya magonjwa ya moyo hukutana kwenye swali moja: ikiwa siku ya kufa imekwisha kuandikwa, kupunguza chumvi kuna faida gani? Ngamiani, kama kwingineko katika pwani ya Tanga, anayeanguka ghafla kwa moyo husemwa kuwa siku yake imefika, na kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hiyo huwaliwaza wafiwa, na matangani ina mahali pake. Hugeuka tatizo inapotangulia mauti, pale mwenye presha anapoacha vidonge kwa hoja kwamba aliyeandikiwa kufa haponi kwa dawa.

Hoja hiyo ni kongwe. Wagiriki waliiita hoja ya mvivu, na Chrysippus, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliijibu kwamba aliyeandikiwa kupona huenda ameandikiwa pia kumwita tabibu. Waislamu wana jibu la Khalifa Umar bin Khattab. Wakati wa tauni ya Amwas, karibu mwaka 639, aliurudisha msafara wake uliokuwa ukielekea Sham. Abu Ubayda, kamanda wa majeshi yake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa anaikimbia, lakini anakokimbilia nako ni kadari ya Mungu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi kwa kuzipanga sababu katika madaraja. Zipo za yakini, kama chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha si tawakali hata kidogo. Zipo za dhana yenye nguvu, na humo aliweka tiba nyingi. Zipo pia za kubahatisha tu.

Ugonjwa wa moyo unaingia daraja la kati. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 kutoka nchi 52, ulikuta mambo tisa, yakiwamo sigara, presha, kisukari, kitambi na msongo wa mawazo, yakibeba takriban asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo. Hatari si hukumu. Barazani hakosekani wa kumtaja mzee aliyevuta sigara hadi miaka tisini, na huenda anasema kweli. Ila mzee mmoja hafuti hesabu ya maelfu.

Msongo nao hufanya kazi mwilini. Hofu humwaga adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Hofu ya mara moja hupita. Ya kila siku huichosha mishipa, na mwenye nayo hulala vibaya, huvuta zaidi, na hana hamu ya kutembea.

Hapo ndipo neno «mtindo wa maisha» linapodai zaidi ya haki yake. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, sehemu kubwa ikitoka Tanga. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha soko, na baadaye viwanda kadhaa vya mji vikafungwa. Aliyepoteza kazi hakuuchagua msongo wake, na kumwambia apunguze mawazo si tiba. Waash'ari, wafuasi wa mojawapo ya madhehebu ya akida ya Kisunni, hufundisha kwamba mja huulizwa juu ya alichokichuma mwenyewe. Kwa kipimo hicho sigara ni yake. Deni la kodi ya nyumba si lake peke yake. Hata chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani hutaka isifike gramu 5 kwa siku, hutiwa kwenye chungu cha nyumba nzima, na mara nyingi mgonjwa siye mpishi.

Fikihi yenyewe imekwisha kuzikubali sababu hizi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa siku nyingine, na neno la tabibu mwaminifu huzingatiwa katika kuamua. Mwenye presha anayeweza kufunga huulizia kwanza hospitalini kama vidonge vyake vinaweza kuhamishiwa futari na daku.