Yatima Anauliza: Utaondoka Lini?



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekulia katika uyatima, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanachuo, likizo ndefu inakaribia na tumeanza kuulizana nani anakwenda kujitolea wapi. Ni jambo la kheri. Likizo iliyopita nilitoka hapa Uganda kwa basi hadi Dar es Salaam, nikavuka kwa boti kwenda Unguja, nikakaa wiki saba katika nyumba moja ya kulelea watoto, huko shamba. Wahariri wameniomba nisimulie. Nitasimulia kidogo, kisha tuitazame amana iliyomo ndani ya safari ya namna hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuna nazi, nilibeba ndoo za maji pampu ikigoma, nilifua sare, na baada ya Isha niliwasaidia watoto hesabu, umeme ukiwepo. Hata Kiswahili kilinipa somo. Mkate wa dukani kule ni boflo. Watoto huenda skuli, kisha huenda chuo, na chuo kwao ni madrasa. Mtoto wa miaka saba aliposhika msahafu wake mbio akisema amechelewa chuo, nilicheka, nikamwambia hata mimi ni mwanachuo.

Siku hiyo ya tatu mvulana mmoja alikaa karibu yangu tukichambua mchele. Hakuniuliza jina wala nchi ninakotoka. Aliuliza: "Kaka, utaondoka lini?" Nikamtajia tarehe. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua.

Mama mlezi alinieleza kwamba wale wakubwa wote huuliza hivyo. Wageni wamepita wengi. Wamecheza nao, wamepiga nao picha, wameahidi kurudi. Mtoto aliyekwisha kufiwa na baba, kisha akawa anaachwa na rafiki kila likizo, hujifunza kuuliza mapema ili moyo wake ujiandae.

Ndugu zangu, tulipeleke swali la mtoto huyu kwenye dini yetu.

Katika Suratul Baqara, aya ya 220, masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mayatima. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba baada ya kushuka makemeo juu ya kula mali ya yatima, watu waliogopa hata kuchanganya chakula, wakawa wanampikia yatima peke yake. Jawabu la Allah, kwa maana yake, ni kwamba kuwatengenezea mambo yao ndiyo kheri, na mkichanganyika nao basi hao ni ndugu zenu, na Yeye anamjua anayeharibu na anayetengeneza. Hapo tumepewa vipimo viwili: kutengeneza, na udugu. Jiulize kabla hujakata tiketi: safari yangu itatengeneza nini katika maisha ya mtoto yule? Na je, ndugu huja mara moja akatoweka?

Tazama pia sira. Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufariki. Alipokuwa na miaka sita mama yake, Bi Amina, alifariki Abwaa, njiani kutoka Madina. Aliyemshika mkono na kumrudisha Makka ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Hakuwa wa ukoo wake, wala Makka haikuwa asili yake. Lakini alibaki. Babu alifariki, Abu Talib akamchukua, miaka ikapita, utume ukaja, Hijra ikaja, na Ummu Ayman bado alikuwepo. Mtume (S.A.W.) akawa anakwenda kumzuru, na baada ya kufariki kwake Abubakar na Umar (R.A.) walikwenda kumzuru kama alivyokuwa akifanya yeye.

Sote tunaijua hadithi ya vidole viwili, jinsi mwenye kumlea yatima atakavyokuwa karibu na Mtume (S.A.W.) Peponi. Neno lililotumika ni kafil, yaani aliyebeba dhamana. Dhamana haiishi siku ya kufungua chuo.

Je, tusiende? Twendeni, lakini kwa adabu zake.

Kwanza, waulize walezi wanahitaji nini, usiwapelekee unachopenda wewe. Kama wanahitaji fundi wa pampu na wewe si fundi, mchango wa kumlipa fundi ni bora kuliko nauli yako.

Pili, uso wa yatima si pambo la simu yako. Suratul Insaan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Pongezi za mtandaoni nazo ni malipo.

Tatu, usiahidi usichokiweza. Kuvunja ahadi ni katika alama za mnafiki, na mtoto huhesabu siku. Ahadi yangu ilikuwa ndogo: simu kila Ijumaa baada ya swala, kwa idhini ya mama mlezi. Amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo.

Nne, anza karibu. Watoto wengi walio katika nyumba za malezi duniani wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai; kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Jirani zetu Rwanda walianza mwaka 2012 mpango wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni kwenda kulelewa katika familia. Sisi Waislamu tunalijua hilo tangu kwa Abdul Muttalib na Abu Talib. Huenda nyuma ya hosteli yetu kuna bibi anayelea wajukuu watatu waliofiwa na baba. Wanachuo watano wakichangia karo ya mmoja kila muhula hadi amalize shule, hakuna haja ya boti wala pasipoti, na mtoto atalala kwao.

Basi ndugu yangu, unapopanga likizo yako, andaa jawabu la swali la yule mvulana, kwani Allah naye anaujua muda uliokusudia kubaki.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe katika wanaotengeneza, usitujaalie kuwa katika wanaoharibu. Warehemu mayatima wetu na walezi wao, na uzithibitishe nyayo zetu katika kheri tuliyoianza. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.