Walio Tofauti Juu ya Mwamba Mmoja

Kaskazini mwa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, Kanyaruchinya imeketi juu ya mwamba mweusi uliowahi kutiririka kama maji. Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, umelipuka mara tatu katika kumbukumbu za wazee wetu: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Lava yake ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia mtelemkoni kwa kasi. Ikipoa, huacha jiwe kavu lenye ncha. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya nyufa na kupotea.

Nani angethubutu kuishi hapo? Mungu alikwisha kumwandaa. Baada ya miaka michache mwamba huota utando wa rangi ya majivu. Huyo ni kuvumwani, na siri yake ni kwamba ni viumbe viwili. Kuvu hushika jiwe na kuhifadhi unyevu, lakini hawezi kujitengenezea chakula. Mwani hupika chakula kwa nuru ya jua, lakini akiachwa peke yake juu ya jiwe hilo angekauka. Mwaka 1867, Simon Schwendener wa Uswisi alipoeleza kwamba kuvumwani ni maisha mawili yaliyoungana, wataalamu wengi walimkataa. Iliwawia vigumu kuamini kwamba vitu visivyofanana hata kidogo vingeweza kuwa nyumba moja.

Lakini ndivyo Muumba alivyopenda. Kuvu habadiliki kuwa mwani, wala mwani hawi kuvu. Pamoja hulegeza jiwe kwa asidi zao, vumbi likakusanyika, kangaga wakaota, na hatimaye, baada ya miaka mingi, mkulima akapanda maharagi.

Watu wa hapa nao wamepitishwa katika somo hilo. Tarehe 27 Mei 2021, kwa hofu ya mlipuko mwingine, watu wapatao 400,000 waliamriwa kuondoka Goma. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Mwaka uliofuata vita vikageuza safari: familia za Rutshuru na Kibumba zilishuka hadi Kanyaruchinya, zikalala katika shule, makanisa na vibanda vilivyosimikwa juu ya lava. Aliyekuwa mgeni jana akawa mwenyeji leo, na mwenyeji akawa mgeni.

Hapo walikutana watu wa tabia mbalimbali. Yupo mkulima aliyefundishwa na shamba kungoja, na mchuuzi wa mjini aliyefundishwa na soko kuwahi. Mmoja anaweza kumpa mwenzake subira, na mwenzake akampa wepesi wa kuanza upya mikono mitupu. Msabato anayefunga kazi Jumamosi humkumbusha jirani mwenye duka kwamba ipo siku ambayo fedha haina amri. Mnyamavu humfundisha msemaji kusikiliza, naye msemaji humsaidia mnyamavu kutoa uchungu uliomjaa moyoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na uponyaji huo mara nyingi huja katika desturi ile ile ya mgeni iliyotushangaza mwanzoni.

Tuseme wazi: kuua, kupora na kuchochea chuki kati ya makabila si tofauti za tabia za kujifunzia. Ni uovu, na nchi ya Kivu imeulipa kwa damu. Lakini uovu huo hulishwa na uongo mmoja, kwamba asiyefanana nasi hana cha kutupatia. Kila anayekaa chini kujifunza kwa jirani yake anaukanusha uongo huo kwa matendo.

Hatutakiwi kuacha imani yetu wala malezi ya wazazi wetu. Tunachoombwa ni unyenyekevu wa kukiri kwamba Mungu hakummiminia mtu mmoja karama zote. Amezigawa, na nyingine ameziweka kwa watu ambao kwa hiari yetu tusingewachagua kuwa majirani. Basi jirani yule ambaye mwenendo wake unatutatiza, tumwendee tukamwulize maisha yamemfundisha nini. Kisha tumsikilize mpaka amalize.