Je, Mwanamke Asome kwa Faida ya Nani?



Habari ya wanawake na elimu imesemwa mara nyingi katika makanisa yetu, hata twadhani tumekwisha kuielewa. Lakini liko jambo moja lililonisumbua moyoni tangu jioni moja hapa Kariakoo, nami naona si vema kulinyamazia.

Yuko mama mmoja auzaye chakula karibu na Mtaa wa Kongo, aliyekuwa katika darasa la ubatizo la watu wazima. Siku moja baada ya mafundisho alibaki nyuma, akaniambia, “Mchungaji, nataka kujifunza kusoma.” Nalifurahi sana, nikaanza kumhesabia faida. Nikasema, “Vema, mama. Ukijua kusoma utaandika hesabu zako, na wateja hawatakudhulumu. Utawasaidia wajukuu katika masomo yao. Utawaongoza na wanawake wenzako.”

Akanisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akajibu, “Hayo yote, Mchungaji, ni ya watu. Hesabu zangu ziko kichwani, na wateja wangu nawajua. Mimi nataka dada yangu akinitumia ujumbe katika simu, niusome mwenyewe. Leo namwomba kijana wa duka la jirani anisomee, naye huujua msiba wangu kabla yangu.”

Nalinyamaza. Maana mimi nalimtajia watu wote watakaopata faida kwa kusoma kwake, ila yeye mwenyewe nalimsahau.

Ndugu zangu, fikirini jinsi tusemavyo siku zote. Twasema kwamba ukimwelimisha mwanamke umeielimisha jamii nzima. Neno hili ni kweli, wala silipingi. Mama ajuaye kusoma huweza kufuata maagizo ya daktari, na mtoto wake hupata mwalimu wa kwanza nyumbani. Mtume Paulo mwenyewe aliikumbuka imani ya Loisi na Eunike, nyanya na mama wa Timotheo, ambayo ilikuja kukaa ndani ya kijana yule. Lakini neno lililo kweli laweza kuwa na hatari ndani yake. Hatari ni hii: tukisema kwamba mwanamke asome kwa sababu ya faida atakayowaletea wengine, tumekwisha kumweka katika mizani. Na kitu kilichowekwa katika mizani chaweza kuonekana chepesi.

Mimi najua hivyo kwa sababu nalipima, nami nalikosa. Kabla ya mwaka 2016, ada za shule za sekondari za Serikali zilipokuwa bado zikitozwa, mzee mmoja wa usharika wetu alinijia kutaka shauri. Alikuwa na mtoto wa kiume na wa kike, wote wawili wamefaulu, na fedha zilimtosha mmoja tu. Naliwapenda watoto wote wawili. Tena binti nalimfundisha mwenyewe katika darasa la Kipaimara, naye alizijua sehemu za Katekismo kuliko wenzake wote. Basi tukakaa, tukahesabu kama wafanya biashara. Nikasema, “Mwana wa kiume ndiye atakayewatunza uzeeni. Binti ataolewa, na elimu yake itakwenda katika nyumba ya watu wengine.” Akaitwa binti, akaambiwa. Akasema, “Sawa, Mchungaji.” Nami nikamsifu mbele ya baba yake kwa utii wake.

Miaka ilipita, nikamkuta sokoni akiuza vitenge katika duka la mtu. Akanipa shikamoo, akanifutia kiti nikae. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Heshima yake ilinichoma kuliko lawama. Ndipo nalipotambua kwamba hesabu yangu ya siku ile haikutoka kwa watu wachukiao elimu ya wanawake. Ilitoka katika hoja ile ile niliyozoea kuihubiri, yaani hoja ya faida. Nalipima faida ya huyu na faida ya yule, na binti akaonekana mwepesi.

Labda mtu atasema, “Mchungaji, watu wakuu wa imani nao walisema habari ya faida.” Ni kweli. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani, akawasihi waweke shule za wavulana na za wasichana. Katika siku zake lilikuwa neno la ujasiri. Lakini alipotaja sababu za mambo ya dunia hii, alisema kwamba nchi yahitaji wanaume wa kuitawala vema na wanawake wa kutunza nyumba na kulea watoto. Na alipokadiria muda, msichana alimpa saa moja kwa siku, apate nafasi ya kazi za nyumbani. Twamshukuru Mungu kwa saa ile moja, ila hatuna sababu ya kukaa pale alipoishia.

Tumtazame Bwana mwenyewe katika nyumba ya Martha. Mariamu aliketi miguuni pake akisikiliza. Kazi ilikuwako, tena kazi ya haki, maana wageni hawana budi kula. Bwana hakumwuliza Mariamu atamfundisha nani mambo yale, wala yatamletea Martha faida gani. Alisema kwamba fungu lile ni lake, wala hataondolewa. Na wale wapendao kuutaja waraka wa kwanza kwa Timotheo, waliposhika agizo la utulivu, waliruka agizo linalotangulia, maana Mtume ataka kwanza mwanamke ajifunze.

Wengine hapa mjini hutoa hoja nyingine. Huitaja barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipitayo karibu na Mnazi Mmoja, na kusema, “Huyu hakusoma sana, lakini aliwashinda wasomi.” Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, naye alikuwa Mwislamu. Mwaka 1955 aliwekwa kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU, akawavuta wanawake wengi kwa njia ya vyama vyao vya ngoma za lelemama. Ni kweli kwamba elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Basi habari yake yatufundisha kwamba akili haitoki shuleni. Mungu ndiye aitoaye, naye hatazami kama ni mume au mke. Lakini ikiwa ndivyo, kumfungia mtu mlango wa shule ni kuizuia karama ambayo Mungu amekwisha kuitoa. Bibi Titi alipata mlango mwingine. Wako wengi wa rika lake wasioupata, nasi hatujui hata majina yao.

Fikirini pia binti apataye mimba akiwa shuleni. Kwa miaka mingi alifukuzwa, na wengi wetu tuliona ni sawa, maana katika hesabu ya faida alikuwa hasara. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa namna hii waruhusiwe kurudi. Basi mlango wa shule umefunguliwa. Je, mlango wa nyumba zetu? Na wa darasa la Kipaimara? Dhambi twaiita dhambi, nasi twahubiri ondoleo lake kila Jumapili. Mtu aliyeondolewa dhambi hana sababu ya kuendelea kulipa kwa kunyimwa kitabu.

Basi, ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa, nawaomba mambo mawili. La kwanza, mzazi ajapo kutaka shauri, msimwulize ni mtoto yupi atakayeleta faida. Ada zimeondolewa hata kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare na nauli zahitaji fedha bado, na kazi za nyumbani zamngojea binti zaidi ya kaka yake. Mwulizeni jinsi gani mzigo utagawanywa, wote wawili wasome. Likishindikana, usharika uchukue sehemu yake.

La pili, tuwafundishe kusoma mama zetu wasiojua, tena kwa saa iwafaayo wao. Mama lishe hawezi kuja asubuhi, na jioni ana nyumba yake. Saa tisa alasiri, sufuria zikiisha kuoshwa, ndipo apatapo nafasi. Sisi twaanza saa hiyo, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Na ajapo, asiulizwe atafanya nini na elimu yake.

Kwa yule binti nalikwenda tena dukani, nikamwambia kwamba nalikosa. Akainama akikunja kitenge, akasema, “Yamepita, Mchungaji.” Kwake huenda yamepita. Kwangu hayajapita, ndiyo maana nimewaandikia. Mungu atusamehe, atufundishe kuwaona watu kama awaonavyo Yeye. Amina.